Jumatatu Tatu za Kimya

Jumatatu ya kwanza Nusaiba alijiambia ni mtandao. Ya pili akasingizia umeme. Ilipofika ya tatu, saa nne asubuhi, akiwa ameinamia kompyuta ya duka la uchapaji pale Kawe anakopanga kadi za harusi na mabango ya misiba, aliifungua ile blogu kwa mara ya saba tangu aamke. Andiko lilikuwa lile lile la mwezi uliopita.

Blogu yenyewe iliitwa Vumbi la Mpingo. Mwenye nayo hakuwahi kuweka picha wala jina. Alijiita Mke wa Fundi. Kila Jumatatu, kabla maduka hayajachangamka, alikuwa ameshaweka andiko moja lisilozidi kurasa mbili. Aliandika juu ya marehemu mumewe aliyekuwa mchonga vinyago, juu ya majirani zake wa Mbagala, juu ya ujane na namna ya kujua muhogo mchungu kabla hujaumenya. Miaka mitatu hakuruka hata wiki moja. Wiki aliyofiwa na dada yake aliandika mistari minne tu, lakini aliandika.

Andiko la mwisho lilimalizikia hivi: "Leo moyo unanidunda kama mtu anayegonga nyumba isiyo na mwenyewe. Nikikaa kimya, msinichukulie vibaya."

Nusaiba alikuwa ameisoma sentensi hiyo hadi akaikariri. Mjane, anaishi peke yake, moyo unadunda vibaya, kisha kimya. Kila alivyoigeuza, ilimpeleka kulekule.

Jioni, nyumbani Madale, alimweleza mumewe Jabiri huku akikatakata mchicha.

"Mama Raudha," Jabiri akasema kwa upole, "utamtafutaje mtu usiyemjua hata sura? Mbagala ile!"

"Namjua."

"Unamjuaje?"

"Najua anavyochambua mchele. Najua anaanza na mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia una kovu."

Jabiri alimtazama, akataka kucheka, akaona macho ya mkewe, akaacha.

Nusaiba hakuweza kumweleza vizuri kilichokuwa kinamsumbua, maana hata mwenyewe alikuwa hajakiweka sawa kichwani. Miaka saba nyuma alitoa riwaya moja. Watu walimsifu kwenye uzinduzi, wakala sambusa, wakaondoka. Riwaya ya pili ilimkwamia. Alikuwa akiandika sura, anaifungia kabatini, anaitoa baada ya mwezi, anaichana. Aliandika kama mtu anayeongea na ukuta, na ukuta haujibu. Hapo ndipo, kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini, alipofungua blogu yake mwenyewe na kuanza kuweka humo vipande vya riwaya kila Jumanne. Mwezi mzima hakuna aliyesema neno. Kisha siku moja, chini ya kipande cha tano, akakuta maoni:

"Huyu binti yako Mwanabaraka nimemfuata kurasa kumi na sita. Sijamwona akila. Njaa yake inamuuma wapi? Ni mimi, Mke wa Fundi."

Nusaiba alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alimwandikia Mwanabaraka sahani ya ugali na dagaa, na Mwanabaraka, aliyekuwa kama kanga iliyoanikwa kwenye kamba, akapata mwili. Tangu hapo Nusaiba akawa anaisoma blogu ya mama yule kama mwanafunzi anavyosoma daftari la mwenzake hodari. Aliona jinsi anavyoanza katikati ya jambo. Aliona anavyokiri asichokikumbuka. Naye akaanza kuandika kila wiki, apende asipende, kwa sababu alijua Mbagala kuna mtu anamngoja.

Sasa mtu huyo alikuwa kimya.

Usiku ule na siku tatu zilizofuata alizisoma upya posti zote, tangu ya kwanza, na kalamu mkononi. Mama yule hakuwahi kutaja mtaa, ila jina la Kizuiani lilimponyoka mara moja. Nusaiba akaandika pembeni ya karatasi: kanisa linalogonga rimu ya lori badala ya kengele. Karakana ya majeneza iliyobanana na saluni, na mwenye saluni analalamika wateja wanakimbia. Mlango ambao mumewe aliuchonga mwaka wake wa mwisho, watu wamepandana mabegani hadi juu.

Jumamosi alimwacha Raudha na baba yake, akashika njia.

Alifika Kizuiani jua likiwa limeshachoma. Muuza vocha wa kwanza hakujua kanisa lolote la rimu. Wa pili alimwelekeza kwenye msikiti. Bodaboda mmoja akamzungusha mitaa mitatu akimsimulia ishu za mpira, mwisho akakiri kuwa naye ni mgeni. Nusaiba akashuka, akatembea. Kila alipoona turubai limefungwa nje ya nyumba, moyo ulimruka. Mara mbili lilikuwa la mama lishe. Mara ya tatu lilikuwa la msiba kweli, viti vya plastiki vimepangwa, na ilimbidi amuulize msichana aliyekuwa anaosha vyombo ni nani aliyefariki.

"Mzee Suleiman," msichana akajibu. "Wewe ni ndugu?"

"Hapana. Poleni sana."

Aliondoka upesi, akijionea aibu kwa jinsi alivyofurahi.

Karakana ya majeneza ndiyo aliyoitambua kwanza, kwa harufu ya vanishi. Saluni ilikuwa pembeni yake kweli, imefungwa. Fundi mmoja mwembamba alikuwa anapiga msasa ubao.

"Braza, samahani. Namtafuta mama mmoja mjane, mumewe alikuwa mchongaji. Nyumba yake ina mlango wa nakshi ya watu."

Fundi aliacha msasa. "Mama Bernadeta? Kwani kuna nini? Ameshafariki?"

Nusaiba alishika ukingo wa meza ya kazi. "Ndiyo nakuuliza wewe."

"Aa, mie sijui, sista. Nimeshtuka tu kuona mgeni. Wiki ya tatu hii hatoki. Juzi nilimpelekea dumu la maji, kapokea kwa mkono mmoja, mlango hakuufungua wote. Uso sikuuona. Nyumba ile pale, nyuma ya mpapai."

Mlango ulikuwa kama ulivyoandikwa: watu wembamba, mabega juu ya mabega, wa chini kabisa ameinama uso umegusa kizingiti. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa mchana ule wa joto.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi humu ndani."

Akasikia kitu kikisogezwa, kisha kimya tena, kimya cha mtu aliyezuia pumzi.

"Mama, shikamoo. Mie Nusaiba. Nusaiba wa Madale."

"Nusaiba yupi?" Sauti ilikuwa ya chini, imekauka.

"Wa blogu, mama. Wa Mwanabaraka."

Kisha komeo likavutwa.

Mwanamke aliyesimama pale alikuwa mrefu kuliko Nusaiba alivyomfikiria, wa miaka sitini na kitu, amejifunga kitenge kifuani na sweta juu yake kana kwamba kuna baridi. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Alimtazama mgeni wake toka kichwani hadi miguuni.

"Marahaba," akasema. "Nilidhani ni shemeji yangu. Ingia, mwanangu. Umenipataje?"

"Kwa rimu na majeneza."

Bernadeta hakucheka, ila kitu kidogo kililegea mdomoni. Alimpa kigoda, akampa maji. Nusaiba aliyanywa yote kwa mkupuo mmoja, na machozi yakamtoka bila taarifa.

"Nilijua umekufa, mama."

"Bado. Lakini wapo wanaotaka blogu ife, na mimi sijui nitabaki na nini ikifa." Alikaa kwenye kitanda cha kamba. "Lile andiko la mwisho umelisoma?"

"Mara nyingi."

"Ule moyo uliodunda ulikuwa woga wa kumwandika marehemu vile. Basi kuna mtu alilichukua. Akalipeleka kwenye kundi la WhatsApp, sijui kundi gani. Kule mtu mwingine akapiga skrinishoti aya ya kwanza peke yake, akaweka vikatuni vya kucheka, ikaanza kuzunguka. Ikafika Newala, kwa ukoo wa mume wangu. Wakakaa kikao. Wamesema nimemvua nguo marehemu. Nimepewa hadi leo niwe nimeifuta blogu yote, siyo hilo andiko tu. La sivyo nisihesabiwe kwenye ukoo, na nikifa nisizikwe karibu naye. Jonas, mdogo wake, ndiye anakuja kuchukua jibu."

Nusaiba hakusikia maneno ya mwisho vizuri. Aliliona kundi lile wazi kabisa, waandishi wapatao themanini, na aliona mkono wake mwenyewe ukibandika kiungo cha andiko lile, na maneno aliyoyaweka juu yake: "Someni huyu mama. Hivi ndivyo inavyoandikwa." Aliyaandika kwa majivuno, kama mtu aliyegundua kisima. Watu walimpa vidole gumba. Hakurudi kuangalia nini kiliendelea.

Angeweza kunyamaza. Mama yule hakujua. Alikuwa ameshamkaribisha, anamtazama kama mtu aliyeletwa na Mungu.

"Mama," akasema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyelipeleka kwenye kundi. Siyo skrinishoti, wallahi, nililipeleka lote. Lakini ni mimi niliyefungua mlango."

Nje rimu ya lori iligongwa, mara sita, sauti ya chuma kavu. Bernadeta aliuvuta mkono wa sweta, akaufunika ule wenye kovu.

"Ulilisoma hadi mwisho kabla hujalipeleka?"

"Mara mbili."

"Basi kwenye kusoma huna kosa. Kosa lako hukuniuliza. Nilikuwa naandikia watu sita, Nusaiba. Nawajua wote sita kwa maoni yao. Unapoandikia watu sita unafungua kifua. Ningejua wanakuja elfu, ningefungua dirisha tu."

"Nisamehe, mama."

"Nitaona," akasema, na lile jibu lilimuuma Nusaiba kuliko matusi.

Hawakupata muda wa kuendelea. Mlango uligongwa kwa konzi, mara tatu, na mwanaume akaingia bila kungoja. Alikuwa wa miaka hamsini na kitu, shati jeupe limenyooshwa vizuri, simu mkononi.

"Shemeji, habari za hapa."

"Nzuri, shemeji. Karibu. Huyu ni Nusaiba, msomaji wangu."

"Shikamoo, baba," Nusaiba akasema akiinuka.

"Marahaba." Hakumtazama. "Mie sikai, shemeji. Watu wanangoja kwenye simu. Umefuta, hujafuta?"

"Sijafuta."

"Kwa nini unatutesa?" Sauti ilimpanda. "Mama yetu kule Newala ana miaka themanini na tisa. Amesomewa hii na watoto wa jirani, wanacheka!" Akanyoosha simu, akasoma kwa sauti ya kukwaruza: "'Mume wangu alikuwa mlevi, na mnunuzi wa pombe yake nilikuwa mimi.' Haya ni maneno ya kuandika mke wa mtu? Fransis ni kaka yangu!"

"Umesoma iliyobaki?"

"Iliyobaki ya nini? Hii haitoshi?"

Nusaiba hakujua kama ana haki ya kufungua mdomo kwenye nyumba ile. Ndani ya saa moja alikuwa ameingia kama mgeni na kugeuka mkosaji. Lakini aliona kwamba hakuna mwingine wa kusema, maana mama yule alikuwa amesema yote aliyonayo karibu mwezi mmoja uliopita, na yalikuwa yametenganishwa kichwa na kiwiliwili.

"Baba," akasema, "naomba nilisome. Lote. Ukishasikia, sema chochote, na mimi nitaondoka."

Jonas alitazama saa. Hakuketi. Hakusema hapana. Nusaiba akafungua simu, akaanza.

"'Mume wangu alikuwa mlevi, na mnunuzi wa pombe yake nilikuwa mimi. Nilimnunulia kwa sababu akienda mwenyewe alirudi na damu. Barabara ya Kilwa haina huruma na mtu anayeyumba. Nikasema bora anywe mbele yangu na alale mbele yangu. Watu walisema nimemharibu. Hawakujua kwamba mikono yake ilianza kutetemeka kabla ya pombe. Patasi ilimponyoka mara ya kwanza akiwa hajaonja hata tone. Alificha. Mchongaji kutetemeka ni kama mwadhini kupoteza sauti. Alikunywa ili mikono itulie, ikatulia, akamaliza mlango huu ninaoutazama. Kisha mikono ikarudi kutetemeka, na pombe ikabaki.'"

Nusaiba aliusogeza ukurasa kwa kidole, akaendelea.

"'Jumatano ile ya mvua alipozidiwa, magari hayakupita, mtaa wote maji. Mdogo wake alikuja kwa miguu. Hakuuliza pombe, hakuuliza nani kanunua. Aliinama, akamweka mgongoni, akaingia naye kwenye maji hadi kiunoni, mpaka lami. Nilibaki mlangoni kwa sababu alinikataza nisiwafuate. Hawa ndugu wawili hawajawahi kuambiana wanapendana. Kwao siyo desturi. Huyo mdogo anadhani sikuona alivyokuwa anafuta uso kwa bega. Niliona. Andiko hili ni lake.'"

Aliposoma ile sentensi ya moyo unaodunda aliiweka simu chini.

Jonas alikuwa amegeukia ukutani. Nusaiba alingoja kelele zije. Bernadeta naye alingoja, kidole kimoja kikifuatisha kamba ya kitanda.

"Haikuwa Jumatano," Jonas akasema hatimaye. "Ilikuwa Alhamisi."

"Alhamisi?"

"Alhamisi. Nilikuwa nimetoka kuchukua mbao Buguruni, siku zote nachukuaga Alhamisi. Kama unaandika, andika sawasawa."

"Nitasahihisha," Bernadeta akasema. "Inasahihishika. Siyo kitabu."

Jonas akaketi, mwisho wa kitanda. "Alikuwa anaulizia viatu," akasema.

"Nani?"

"Kaka. Mle kwenye maji. 'Jonas, viatu vyangu vimebaki.' Namwambia nyamaza, kaka, tutavirudia. Anasema, 'Usimwache Bernadeta avibebe, atateleza.' Njia nzima. Viatu, viatu."

Bernadeta alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Miaka minne tangu Fransis afe alikuwa kama mtu aliyesimama bado kwenye mlango ule akiwatazama wakienda, na hakuwahi kujua nini kilisemwa baada ya kona.

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Na mimi ningeanzia wapi?"

Nusaiba aliinama, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Alisikia mama yule akiinuka, akifungua kabati, akirudi na daftari la shule lenye jalada lililochakaa.

"Alisema nini kingine?" Bernadeta akauliza. "Polepole. Nataka nikuandike wewe sasa, kwa maneno yako. Na nikimaliza nitakusomea kabla sijaiweka."

Jonas alitazama daftari kwa mashaka. "Ukoo hautafurahi."

"Najua."

"Mama nitamweleza mimi. Wengine siwezi kukuahidi, shemeji. Watasema tu."

"Waseme. Ila wawe wamesoma."

Simu ya Jonas ililia, akaikata. Ikalia tena, akaizima. Akaanza kusimulia, kwanza kwa kujikwaa, halafu kwa kasi, na Bernadeta akaandika kwa mkono wa kushoto, akimsimamisha kila mara: maji yalikuwa ya rangi gani? Ulishika wapi? Nani mwingine alikuwepo? Nusaiba alikaa kwenye kigoda, akiwa na hofu hata ya kukohoa. Alikuwa amesoma kazi za mama huyu miaka mitatu, na sasa alikuwa anaona zinavyotoka.

Jua lilikuwa limeshainama alipoaga. Bernadeta alimsindikiza hadi mlangoni.

"Lile kundi lako," akamwambia, "waambie kipande cha pili kinakuja. Safari hii nimeruhusu."

"Na mimi, mama? Umenisamehe?"

Bernadeta alifikiri, maana hakuwa mtu wa kusema asichokimaanisha. "Wewe umekuja," akasema. "Wengine watano hawakuja. Lakini Jumanne mbili zilizopita hukuweka kitu kwenye blogu yako. Nilikuwa nimejifungia humu na kila Jumanne nafungua, naangalia. Unadhani ni wewe peke yako uliyehangaika?"

Ni kweli, kwa kumhofia na kumtafuta mwenzake Nusaiba alikuwa ameacha kuandika.

Jonas alitoka naye, akasema anakwenda barabarani kununua vocha. Walitembea bila kuongea hadi kwenye kituo cha bodaboda. Hapo akasimama, akawasha simu yake, akaigeuza mikononi kama mtu aliyeokota kitu cha mwingine.

"Mama," akasema, sasa kwa sauti ndogo, "hiyo blogu mtu anaifunguaje? Siyo ile aya. Yote. Kuna mengine amemwandika kaka?"

"Yapo mengi, baba. Anzia chini kabisa, la kwanza. Linahusu siku walipokutana Mtwara."

Alimwandikia anwani, akambonyezea. Jonas alivuta simu karibu na macho, akasogea pembeni kwenye kivuli cha kibanda cha vocha. Dereva wa bodaboda alimwita mara mbili, mzee twende? Hakusikia. Nusaiba alipanda pikipiki yake, na walipokata kona aligeuka kutazama: mwanaume yule bado alikuwa amesimama palepale, midomo ikichezacheza, akisoma.